Tisa, alafu sifuri: kisa cha dada wa shamba la maua na vipimo viwili vya aleji vilivyompoteza

Mwishoni mwa mwezi wa tano aliingia kliniki dada mmoja wa miaka thelathini na kitu, anafanya kazi shamba la maua upande wa Usa River, mkononi ana bahasha ya kaki na ndani yake karatasi mbili. Ya kwanza ni ya Februari, imeandikwa ana aleji ya vitu tisa. Ya pili ni ya Aprili, sehemu nyingine kabisa, imeandikwa hana aleji ya kitu chochote. Mgongo ni uleule, mikono ni ileile inayowasha na kupasuka, akaniuliza daktari sasa mi niamini ipi. Nikamwambia dada nipe muda, inawezekana zote mbili haziko sawa.

Mi ni afisa tabibu, mambo ya ngozi nilisomea Moshi pale kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, kile kilichoanza 1992, na sasa niko kliniki ndogo hapa Arusha. Mwenyewe kanipa ruhusa nieleze kisa chake, jina naliacha na sehemu alizopimwa naziacha, nia yangu watu waone jinsi kipimo kizuri kinavyoweza kutoa jibu baya.

Kwa asiyejua, hiki kipimo tunaita pachi testi, ni kile cha kubandikwa mgongoni. Vidude vidogo kama vifuniko vinawekewa kila kimoja kemikali yake, nikeli, kromiamu, manukato, vitu vya kwenye mpira na kadhalika, vinabandikwa kwa plasta sehemu ya juu ya mgongo vinakaa saa 48 alafu vinabanduliwa, kisha mgongo unasomwa zaidi ya mara moja. Wazo lenyewe ni la zamani, daktari wa ngozi Josef Jadassohn alilieleza mwaka 1895 huko Graz baada ya kuona plasta yenye zebaki inarudisha ukurutu uleule aliokuwa nao mgonjwa. Aleji inayotafutwa hapa ni ile ya kuchelewa, inayochukua siku mbili tatu kujitokeza. Sio ile ya kula samaki ukavimba midomo hapohapo, ile ina vipimo vyake vya kuchoma kidogo mkononi au vya damu, na watu wengi wanavichanganya.

Sasa tuanze na mikono kabla ya karatasi, maana nikisoma karatasi kwanza na mi najikuta nimeshaamini. Ukurutu ulikuwa nyuma ya viganja na kwenye vidole, unapanda mpaka juu ya kifundo cha mkono alafu unakatika kwa mstari, palepale glavu yake inapoishia. Kazi yake ni kuchuma waridi, kuosha ndoo za maua na siku nyingine kupanga maua kwa gredi, na glavu za mpira anavaa karibu siku nzima ndani ya grinhausi, joto na jasho. Nikamuuliza kuna kipindi mikono ilishawahi kupona kabisa, akafikiri akasema ndio, Desemba walipanda Rombo kwao mume wiki mbili, alipika, alifua, aliosha vyombo vya ukoo mzima na mikono ikatulia, ila Januari aliporudi kazini siku ya tatu tu moto ukawaka. Hiyo sentensi moja kwangu ilikuwa na uzito kuliko karatasi zote mbili, kwa sababu Rombo maji yalikuwepo, sabuni ilikuwepo, sufuria zilikuwepo. Glavu tu ndo hazikuwepo.

Karatasi ya Februari. Vitu tisa vyenyewe ni nikeli, kobalti, kromiamu, mchanganyiko wa manukato, fomaldehaidi, mchanganyiko wa thairamu na mchanganyiko wa kaba ambavyo vyote viwili ni vya kwenye mpira, sabuni ya unga anayofulia na sabuni ya maji ya vyombo. Na alifuata maelekezo kwa moyo wote jamani. Aligawa sufuria zake za stili kwa wifi yake, akavua hereni, akaacha maharage na karanga kwa sababu aliambiwa vina nikeli, akaacha mafuta yote ya kupaka yenye harufu na mikono haikupungua hata kidogo. Mume akawa anamwambia acha kazi tukalime. Miezi mitatu mtoto wa miaka minne hali maharage nyumbani kwa sababu ya alama iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, hiki kitu kiliniuma.

Nilimuuliza maswali madogo madogo kuhusu siku ile. Mikono ilikuwaje? Ilikuwa inachuruzika maji, akasema, na ukurutu ulishatapakaa kwenye mikono ya juu na shingoni, hata mgongoni kulikuwa na vipele. Hapo nikaanza kuelewa. Ngozi ikiwa imechafuka sehemu moja kwa nguvu ngozi nyingine yote inakuwa na hasira, ukiigusa na chochote inajibu, na hata mwitikio mmoja mkali wa kweli mgongoni unaweza kuwasha majirani zake ambao hawana kosa. Wataalamu wanaita mgongo wenye hasira, daktari mmoja wa ngozi, Mitchell, ndo aliyeupa hilo jina mwaka 1975. Ukiona karatasi yenye vitu vingi hivyo ambavyo havina undugu, nikeli na manukato na kromiamu na fomaldehaidi kwa pamoja kwa mtu ambaye ukurutu ulikuwa umewaka, usiseme huyu ana aleji nyingi, kwanza uliza ngozi ilikuwaje siku hiyo. Wapo watu wenye aleji nyingi kweli, ila inatakiwa uthibitishe ngozi ikiwa imetulia.

Swali la pili, walisoma lini? Siku ileile ya kubandua, nusu saa baadaye, wakaandika wakamaliza. Hajarudi tena. Kusoma saa 48 peke yake ni mtego mkubwa, maana plasta ikishatoka ngozi inakuwa imebanwa na imelowa, kuna vitu vinaunguza tu kidogo bila aleji yoyote na siku hiyo vinafanana kabisa na aleji. Tofauti inaonekana ukisubiri. Kilichounguza tu kinaanza kufifia siku mbili zinazofuata, mpaka wake umekatwa sawasawa na umbo la kile kidude, juu panang'aa au panakunjamana kama karatasi laini, na mgonjwa anasema panaunguza zaidi ya kuwasha. Aleji ya kweli inaongezeka au inakaa, inawasha, inavuka mipaka ya kidude, na ukipapasa unakuta pamevimba pagumu.

Kupapasa nakazia, kwa sababu picha nyingi za kufundishia ni za ngozi nyeupe ambapo wekundu unaonekana toka mlangoni. Kwenye ngozi yetu wekundu unajificha, unaona weusi au kama zambarau hivi, na alama ya weusi tu bila uvimbe inaweza kuwa ni plasta au msuguano. Mi nazima taa ya juu namulika tochi kwa pembeni vile vipele vidogo vitupe kivuli, alafu nafumba macho napitisha ncha ya kidole. Kidole kinasoma vizuri kuliko jicho hapo.

Swali la tatu, hizo sabuni ziliwekwaje? Akasema walimwambia aje nazo, wakaweka kidogo kwenye kidude wakabandika. Bila kuchanganya na maji. Sasa sabuni ya unga ukiifungia kwenye ngozi ya mtu yeyote siku mbili itamuunguza, hata mtoto wa simba. Sikutaka kumwambia kwa maneno tu maana alishaamini ile sabuni ni adui yake, nikamwambia nitajibandika mwenyewe. Nikaweka ileile sabuni ya vyombo, tone moja, kwenye mkono wangu wa juu, na manesi wawili wakakubali kwa hiari yao, saa 48 tukabandua wote watatu tuna kiduara chekundu chenye mpaka mkali na kinauma. Alitushika mikono mmoja mmoja akaangalia, akanyamaza kidogo, akasema kumbe. Vitu vya kupaka na kuacha kama losheni mara nyingi unaweza kupima kama vilivyo, ila vitu vya kuosha na kusuuza ukivifungia mgongoni unapima ukali wa sabuni, hupimi aleji.

Kobalti nayo ina tabia yake, inaacha vidoti vidoti kwenye matundu ya jasho, vinatisha lakini mara nyingi sio aleji, ukipapasa pako flati. Na nikeli je? Hereni za bei ndogo za soko la Kilombero hapa Arusha amevaa toka akiwa msichana, masikio hayajawahi kuwasha hata siku moja. Kipimo kikisema nikeli na masikio ya miaka ishirini yakasema hapana, lazima ujiulize nani anasema kweli.

Karatasi ya Aprili sasa, ile ya sifuri. Alienda sehemu nyingine kwa sababu alichoka, na kule kwa haki walisoma mara mbili, saa 48 na siku ya nne. Shida ilikuwa kabla ya hapo. Baada ya kipimo cha kwanza mgongo uliwasha wiki nzima, akaenda duka la dawa akapewa tyubu ile ya tatu kwa moja, yenye steroidi ya kutuliza uvimbe na kuwasha, dawa ya fangasi na neomaisini ambayo ni antibayotiki, ambayo alishakuwa anaitumia mikononi karibu mwaka mzima. Safari hii akaipaka mgongoni pia, asubuhi na jioni, mpaka siku moja kabla ya kubandikwa, alitaka aende na mgongo msafi. Alafu mikono ilipozidi akapewa na vidonge vya predinisoloni, nayo ni steroidi, milimita tano tano, anameza sita kwa siku. Namaanisha miligramu tano, kwahiyo thelathini kwa siku. Ndani ya hizo siku wakambandika.

Steroidi ndo inazima ule mwitikio tunaoutafuta, kwahiyo ukipaka mgongoni siku za karibu, au ukameza dozi kama ile, unakuwa umezima redio alafu unasema kituo hakirushi matangazo. Kawaida tunataka angalau wiki moja bila steroidi sehemu inayobandikwa, mi napenda wiki mbili, na vidonge viwe vimeachwa kwa utaratibu wa daktari au vimeshushwa chini sana. Na hapa Tanzania kuna swali ambalo lazima liulizwe kwa upole na faragha, krimu za kung'arisha, mkorogo, maana nyingi zina steroidi kali ndani na mtu hahesabu kama ni dawa. Ukimuuliza unatumia dawa gani atasema hakuna, ukimuuliza dada mwilini unapaka nini nionyeshe kopo, unapata jibu. Huyu hakuwa anatumia, ila niliuliza. Jua kali la mgongoni nalo linafifisha, tunasubiri kama wiki nne, ila yeye kazini anafunikwa.

Wakati huohuo walimwachisha vidonge vya kutuliza kuwasha, setirizini, wiki nzima kabla, akawa halali usiku. Hivyo havina shida ya maana kwenye pachi testi, vinaharibu kile kipimo kingine cha kuchoma. Aliteseka bure kwa kitu kisichohitajika na kile kilichohitajika hakuna aliyemuuliza.

Nikamwambia hatupimi leo. Alikunja uso, nauli ya toka Usa na siku ya kazi imepotea, namuelewa. Nikampa steroidi ya mafuta tupu isiyo na antibayotiki, apake mikononi peke yake, mgongoni asiguse kitu, vaselini nyingi, na ile tyubu aiache kwangu kabisa, yaani nikaichukua. Vidonge alishamaliza toka Aprili. Tukapanga mwezi wa nane mwanzoni, kwa sababu mbili, mgongo upumzike vya kutosha, na Agosti Arusha kuna baridi, plasta inakaa. Februari alibandikwa akarudi grinhausi kesho yake, jasho likambandua nusu ya plasta, shemeji akawa anazirudishia kwa mkono usiku. Sasa kidude kikihama sentimita mbili unasoma kemikali ipi? Hata haya majina tisa sina uhakika kila moja lilikuwa mahali pake.

Msimamizi wake, nimshukuru hapa, alimpa siku za mapumziko na kazi ya kuandika lebo siku zilizobaki. Jumatatu tukabandika, tukachora mipaka kwa maka pen na tukapiga picha, haogi mgongo wiki nzima. Tuliweka seti ya kawaida, kipande cha glavu yake mwenyewe kilicholoweshwa kidogo, upande wa ndani ukigusa ngozi, na neomaisini kwa sababu ya ile tyubu. Sabuni hatukuweka.

Jumatano tukabandua tukasubiri nusu saa. Thairamu pameinuka kidogo, kipande cha glavu vilevile, kaba kama kuna kitu ila sina hakika, kobalti vidoti vyake vilevile. Nikeli kimya, kromiamu kimya, manukato kimya, fomaldehaidi kimya. Neomaisini kimya. Ijumaa thairamu imevuka mpaka, pagumu, na vilengelenge vidogo ukimulika, inawasha kweli, kipande cha glavu kimefuata, kaba imefifia karibu kuisha, vidoti vya kobalti vinaondoka. Neomaisini nikipapasa nasikia kama kuna kitu, nikiangalia sioni. Nikaweka alama ya kuuliza nikamwambia Jumatatu urudi, akasema daktari si tumeshapata jibu la glavu? Nikamsihi. Na Jumatatu ile, siku ya saba, neomaisini ilikuwa imesimama na vilengelenge juu yake.

Neomaisini inajulikana kwa kuchelewa, kama zilivyo baadhi ya metali na steroidi zenyewe. Tungefunga faili Ijumaa ningemwacha anaondoa glavu huku anaendelea kupaka ile tyubu mikononi, na mikono isingepona, na angesema hata huyu wa tatu ni walewale. Na angalia ilivyojificha mwaka mzima, ndani ya tyubu moja kuna kinachochochea na kuna steroidi inayotuliza, akipaka anapata nafuu, akiacha inarudi kali, anaona anaihitaji. Na ni tyubu ileile iliyoufanya mgongo wake utoe sifuri mwezi wa nne, yaani ilifuta hata glavu.

Kwahiyo katika tisa za Februari ya kweli ilikuwa moja, thairamu, imesimama katikati ya wenzake wanane kama shahidi mkweli kwenye umati, na ya pili ya kweli haikuwepo kabisa kwenye orodha. Watu wanadhani ukiambiwa aleji nyingi kuliko ulizonazo hamna hasara, utakuwa tu mwangalifu zaidi. Hapana. Tulipokaa na msimamizi kutafuta glavu mbadala, kwa kuchuma waridi kinachofaa kwa miiba ni glavu za ngozi, na ngozi nyingi inalainishwa kiwandani kwa kromiamu. Ile karatasi ya kwanza ilikuwa imemkataza kromiamu. Ningeiheshimu ile karatasi ningemfungia mlango pekee uliokuwa wazi wa kubaki na kazi yake. Kromiamu ilipotoka safi mara zote tatu tulizosoma, na viatu vyake vya ngozi havijawahi kumsumbua, tukampa glavu za ngozi na ndani yake za pamba nyembamba, kwa kuosha ndoo tukampa za vinaili ndefu. Glavu za naitrili tuliepuka kwanza, watu wengi wanaikimbilia wakidhani haina mpira lakini nyingi zinatengenezwa na kemikali za familia hiyohiyo, mpaka upate zile zilizoandikwa wazi kwamba hazina. Kule Februari aliambiwa pia kwa mdomo ana aleji ya lateksi, yaani utomvu wa mpira wenyewe, hiyo nayo sio kweli kwa ushahidi huu, lateksi ya kuvimba hapohapo ni jambo jingine na hajawahi kuwa na dalili zake, thairamu ni dawa inayoongezwa kuufanya mpira ukomae kiwandani.

Kwenye kadi yake nimeandika mawili tu, thairamu na neomaisini, na chini ya neomaisini nimeongeza jentamaisini kwa kuwa ni ndugu na mara nyingi mwenye aleji ya moja anapata na ya nyingine, na tyubu za tatu kwa moja zinabadilishana hizo mbili. Ameilaminisha kadi pale stendi anaitembeza kwenye pochi. Mwezi wa tisa aliniambia alienda kununua dawa ya kidonda cha mtoto, muuzaji akamtolea tyubu ya aina ileile, jina jingine na boksi jingine, akageuza boksi akasoma maandishi madogo akakuta neomaisini, akairudisha.

Maharage wanakula. Sufuria wifi amerudisha mbili, moja amegoma nayo. Mikono imebaki laini nyuma na ule mstari wa kwenye kifundo umeshafutika, ila kidole gumba cha kulia bado kinapasuka akiosha ndoo nyingi, hicho nimekipapasa mara tatu na naamini ni maji na sabuni tu, sio aleji, tunaendelea na vaselini na nimemwambia aje tena Novemba.